Nusu Nyeupe ya Gurudumu

Tarehe mosi Julai Montréal nzima inahama. Mikataba ya nyumba inaisha siku moja, na kufikia saa tatu asubuhi mitaa ya Hochelaga ilikuwa imejaa magodoro, friji zilizofungwa kamba, na paka waliolalamika ndani ya maboksi. Ariane Asselin alikuwa amekwama katikati ya ngazi ya chuma iliyojipinda mbele ya nyumba yake mpya, amekumbatia fremu ya kioo iliyokuwa pana kuliko mlango. Kupanda hawezi, kushuka hawezi. Juu yake palikuwa na kochi la wapangaji waliokuwa wakitoka, na chini ya kochi palikuwa na mwanamume.

"Dada, rudi chini!"

"Nirudi wapi? Nyuma yangu kuna friji!"

"Basi panda!"

"Nipande juu ya mgongo wako?"

"Mgongo upo, karibu."

Kochi likateleza. Yule mwanamume akataja kikombe cha altareni, akataja tabernakulo, akamalizia na hostia, vyote kwa mkupuo mmoja, maana watu wa hapa hutukana kwa vyombo vya altare.

"Mungu akusamehe!" ikasikika sauti kutoka barabarani. Alikuwa shangazi Ghislaine, dada wa baba yake Ariane, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Alikuwa amekalia boksi la sahani, gauni la maua limepigwa pasi kama anakwenda misani, rozari mkononi. Shangazi huyu alikuwa na desturi ya kumsahihisha hata padri. Padri akikosea neno, yeye hulisema sahihi kwa midomo tu, bila sauti, na padri humwona.

"Nisamehe, mama," akasema yule mwanamume, huku goti lake likiwa limezuia kochi lisipasue kioo. Mikono yake ilikuwa na alama ndogo ndogo za cheche, na jinzi yake ilikuwa na vitundu kama imeliwa na nondo. Kazi yake ilikuwa kuchomelea ngazi kama ile ile waliyokuwa wamekwamia. Leo alikuwa akimsaidia binamu yake kuhama. Akamtazama Ariane: gauni la kitani la manjano, nywele nyekundu zimebanwa kwa penseli. Halafu akaitazama fremu, akasahau kwamba amebeba kochi.

Ndani ya kioo palikuwa na gurudumu lililochorwa kwa wino, duara ndani ya duara, na kila duara limegawanywa vyumba vidogo vyenye majina.

"Hawa wote ni nani?"

"Wazazi wangu."

"Wote?"

"Mimi niko katikati. Hapa baba na mama, hapa babu na bibi wanne, hapa wanane. Hawa wa pembeni kabisa ndio waliovuka bahari kutoka Ufaransa. Ni mia tano na kumi na wawili."

Yannick Vadnais, maana ndilo lililokuwa jina lake, akalitazama duara la pembeni. Wenye friji wakapiga kelele kutoka chini, yeye hakusikia. Alikuwa akifikiri kwamba watu mia tano na kumi na wawili walipendana, au walivumiliana, ili msichana huyu asimame hapa amezuiwa na kochi.

"Na mimi naweza kuwa na kitu kama hiki?" akauliza polepole.

"Una baba na mama?"

"Ninao. Mama amefariki."

"Basi unalo. Hujaliandika tu. Unaitwa nani?"

"Yannick."

"Hapana, la ubatizo. La kwanza kabisa ni Joseph."

"Umejuaje?"

"Kila mvulana aliyebatizwa hapa ni Joseph. Nami ni Marie, kama wasichana wote."

"Joseph na Marie," akasema Yannick. "Tumekosa punda tu."

Shangazi Ghislaine alitaka kukasirika, ikamshinda, akacheka ndani ya leso.

*

Ariane alikuwa akifanya kazi katika hifadhi ya nyaraka, kwenye chumba cha vitabu vya parokia. Huko kila mtu wa nchi hii ameandikwa mara tatu: alipobatizwa, alipooa, alipozikwa. Siku ya kwanza ya matembezi alimpeleka Yannick makaburini mlimani.

"Wenzangu hupelekwa sinema," akasema Yannick.

"Sinema utasinzia. Soma hapa."

Jiwe lilikuwa la kijivu. Ovila Vadnais. Mke wake Léda Coutu. Mtoto wao Alcide, 1931–1998.

"Babu yangu," akasema Yannick. Sauti ilibadilika. "Alinifundisha kushika moto. Alikuwa akisema chuma ni kama mtoto, ukikiharakisha kinavunjika."

"Na umeona Léda? Miaka hamsini ya ndoa, watoto, mjukuu, na bado amelala hapa na jina la baba yake. Nasi ndivyo. Mwanamke haachi jina lake mlangoni kama viatu."

"Kwa hiyo hata ukinipata mimi utabaki Asselin?"

"Mpaka kaburini. Sheria ndiyo hiyo. Na nani kasema nakutaka?"

"Mimi nimesema *ukinipata*. Ni bahati nasibu."

Agosti wakaenda kumenya mahindi kwa binamu. Vijana walikaa kwenye marobota ya majani makavu, sufuria la maji likichemka, siagi ikingoja. Atakayepata hindi jekundu humbusu amtakaye. Yannick alimenya arobaini na matatu, yote ya manjano. Ariane alimenya moja, likawa jekundu kama damu ya njiwa. Akalitazama, akamtazama yeye, akalificha nyuma ya mgongo.

"Leta hilo!"

"Lipi? Mimi sina kitu."

"Ariane, mpenzi, mbele ya mashahidi!"

Akabusiwa, au yeye ndiye aliyebusu. Waliokuwapo mpaka leo wanabishana.

Kuanzia hapo simu hazikupumzika. "Umekula?" "Nimekula mkate." "Mkate si chakula." "Basi njoo uniletee chakula." Hata shangazi Ghislaine alizoea kuona buti za mchomeleaji mlangoni, ingawa alimwekea sharti moja: vyombo vya altare vibaki altareni.

Oktoba, mzee Normand, baba yake Yannick, alitimiza miaka sabini. Alikuwa mtu mpole, mstaafu wa kiwanda cha viatu, anayeishi peke yake na redio. Ariane alimtengenezea zawadi ambayo watu wa hapa hupewa arusini: mstari wa jina lake, baba kwa baba, kila mume na mke wake, umeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi nzito. Juu kabisa alikuwapo Vadnais wa kwanza, askari aliyeshuka melini miaka mia tatu na hamsini iliyopita. Ariane aliufanya mstari huo kwa siku tatu. Alianza na ndoa ya Normand, akapanda hadi ndoa ya Alcide, akapanda hadi ubatizo wa Alcide, wazazi wake Ovila na Léda, na kuendelea.

Normand aliusoma akiwa amesimama. Vizazi kumi na moja. Akavua miwani, akaifuta, akaisahau mkononi.

"Mimi?" akasema. "Mimi wa kiwanda cha viatu?"

Akautundika juu ya kitanda, chini ya msalaba. Yannick alimtazama Ariane kwa namna ambayo mwanamke hutazamwa mara moja maishani, akiwa na bahati. Siku ile ile Yannick alimwomba amchoree na gurudumu, lililo kamili, nusu lake na nusu lake Ariane, katikati pakiwa wazi.

"Katikati aandikwe nani?" Ariane akamuuliza.

"Tutaona atakayekuja," akajibu, masikio yakawa mekundu.

*

Novemba, mvua ya barafu inagonga madirisha ya hifadhi, Ariane akafungua tena kitabu cha parokia cha mwaka 1931. Alitaka nakala ya sahihi ya Ovila kwa ajili ya gurudumu. Akaona ubatizo aliouona zamani: Joseph-Alcide, mtoto wa Ovila Vadnais na Léda Coutu, amezaliwa tarehe ishirini Januari. Akageuza ukurasa. Mara ya kwanza hakuugeuza. Nani atafute mazishi ya mtoto mchanga ambaye alizeeka akafundisha wajukuu kushika moto?

Tarehe tisa Februari, kwa mwandiko wa padri yule yule: leo tumemzika Joseph-Alcide, aliyefariki jana akiwa na umri wa siku kumi na tisa, mtoto wa Ovila Vadnais na Léda Coutu.

Akasoma mara tano. Watu wetu wa zamani walikuwa na kawaida: mtoto akifa, jina lake hupewa anayefuata. Basi atakuwapo Alcide mwingine, aliyezaliwa baadaye. Akatafuta 1932. Akatafuta 1933 mpaka 1940. Léda hakuzaa tena.

Mtu aliyekuwa kwenye jiwe la kijivu hakuwa mtoto yule. Na kama hakuwa yule, vizazi kumi na moja vilivyokuwa juu ya kitanda cha mzee Normand vilikuwa vya watu wengine.

Hapo Ariane akafanya kosa lake la pili. Akanyamaza. Alijiambia: nitafute kwanza jibu, ndipo niseme. Akafuta miadi ya Jumamosi, kisha ya Jumapili. Simu ikilia anaitazama mpaka inyamaze.

"Una nini, mpenzi?" Yannick akauliza alipompata siku moja.

"Kazi."

"Kazi gani ya watu waliokufa isiyoweza kungoja?"

"Yannick, tafadhali."

"Kuna mtu?"

"Wapo wengi. Wote wamekufa."

Yannick hakucheka.

Jumamosi ya tatu Yannick akapanda ile ngazi bila kupiga simu, sufuria ya supu ya mbaazi mkononi, sweta la sufu lina theluji mabegani. Ariane alikuwa bafuni. Juu ya meza palikuwa na gurudumu. Nusu ya Asselin ilikuwa imejaa mpaka pembeni, wino mweusi unang'aa. Nusu yake yeye ilikuwa na jina lake, la wazazi wake, la Alcide. Baada ya hapo upande wa Vadnais ulikuwa mweupe. Majina yaliyokuwapo yalikuwa yamekwanguliwa kwa wembe.

Ariane alipotoka alimkuta amesimama, sufuria bado mkononi.

"Umetufuta," akasema Yannick.

"Ngoja nikueleze."

"Shangazi yako alisema hakuna aliyeolewa katika ukoo wenu bila majina ya pande zote mbili ukutani. Sasa yangu umeyakwangua. Nimeelewa, huna haja ya kuniambia."

"Hujaelewa kitu! Babu yako... Yannick, kaa. Mtoto wa Ovila na Léda alikufa. Akiwa na siku kumi na tisa. Nimeona mazishi yake. Babu yako simjui ni nani."

Yannick akaweka sufuria chini.

"Umejua lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu. Baba yangu kila asubuhi anasoma yale majina kabla ya kusali. Anawataja, Ariane. Mmoja mmoja, anawaombea. Na wewe ulijua ni watu baki."

"Nilikuhurumia."

"Ungenidanganya ningekusamehe. Ulinihurumia." Akavaa kofia. "Mtu wa watu mia tano na kumi na wawili akimhurumia mtu asiye na hata mmoja. Kaa na hao wako. Mnatosha kujaza kanisa."

Buti zikashuka ngazi ya chuma, ngazi nzima ikilia. Supu ikapoa juu ya sakafu.

*

Wanaojua ukimya wa nyumba iliyoondokewa hawahitaji kuelezwa Desemba ya Ariane. Shangazi Ghislaine alimjia na pai ya nyama, akamkuta hajachana nywele.

"Unampenda?"

"Hataki hata kusikia sauti yangu."

"Sikuuliza anachotaka yeye. Nimekuuliza wewe."

"Nampenda, shangazi."

"Basi mtafutie babu yake. Mtoto hakuanguka kutoka mbinguni. Na hata kama alianguka, padri ataandika."

Neno hilo la mwisho likamfungua Ariane macho. Alikuwa amemtafuta Alcide katika parokia ya Ovila na Léda tu, kati ya watoto wenye wazazi. Hakumtafuta kati ya wasio nao. Siku mbili kabla ya Krismasi akaketi na kitabu cha parokia ya jirani, karibu na bandari, mahali ambapo Ovila alikuwa akipakua makaa ya mawe. Akakifungua Februari 1931. 

Tarehe kumi na mbili.

Akainuka, akaketi tena. Akatoka kwenye ujia, akapiga simu. Ililia mara saba.

"Sema," akasema Yannick. Nyuma yake palisikika mashine ya kuchomelea ikizomea.

"Usikate. Nitasoma tu, halafu ukitaka kata. 'Leo, tarehe kumi na mbili Februari, tumembatiza kwa sharti, kwa kuwa haijulikani kama alikwisha kubatizwa, mtoto wa kiume wa siku chache, wa wazazi wasiojulikana, aliyekutwa asubuhi ndani ya kapu kwenye mlango wa kanisa hili. Amepewa jina Joseph-Alcide. Msimamizi wa kiume, Ovila Vadnais. Msimamizi wa kike, Léda Coutu mke wake, ambaye ameomba ampeleke mtoto nyumbani. Ovila ametia sahihi. Léda hajui kuandika, ameweka msalaba.'"

Mashine ikanyamaza.

"Yannick? Upo?"

"Walimzika wao lini?"

"Tarehe tisa."

"Siku tatu." Ikasikika pumzi. "Ariane. Maziwa yalikuwa bado yapo."

Ariane akashika ukuta. Mwezi mzima alikuwa akitazama tarehe, wino, sahihi. Hilo hakuliona. Léda mwenye kifua kilichojaa na kitanda kitupu, anatembea kwenye theluji ya Februari hadi parokia ya jirani, kwa sababu mumewe amemwambia kuna mtoto analia pale. Na padri alipouliza aitwe nani, hakutafuta jina jipya. Lilikuwapo moja, limetumika siku kumi na tisa tu.

"Mungu wangu," akasema Ariane.

"Msalaba wake ukoje?"

"Umepinda. Umebonyezwa sana, wino umevuja mpaka upande wa pili."

Wakakaa hivyo, kila mmoja na simu sikioni. Watu walipita kwenye ujia wa hifadhi wakidhani dada yule amefiwa.

"Nilikuita mambo mabaya," Yannick akasema mwishowe.

"Uliniita mwenye huruma."

"Ndiyo hilo. Mwaka mpya nitamwambia baba. Sitaweza peke yangu. Njoo."

*

Siku ya kwanza ya mwaka watoto huomba baraka ya baba. Kila mwaka Yannick hupiga magoti jikoni, mbele ya jiko, na mzee Normand humwekea mkono kichwani. Mwaka huu mlangoni walisimama watatu: Yannick amenyoa, shati jeupe, Ariane katika gauni la sufu la kijani, fremu imefungwa shuka kifuani mwake, na shangazi Ghislaine, kofia ya manyoya, pai mikononi.

"Karibuni, kuna nini?" akasema Normand akizitazama nyuso. "Nani kafa?"

"Mtoto, baba," Yannick akasema. "Zamani. Kaa."

Wakamwambia yote. Ariane alisoma ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, na kitabu cha bandarini. Mzee akainuka, akaenda chumbani, akarudi na ule mstari wa vizazi kumi na moja, akauweka mezani kwa uangalifu, kama anarudisha kitu cha jirani.

"Kwa hiyo hawa si wangu."

"Nisamehe, mzee," Ariane akasema. "Sikugeuza ukurasa."

"Nimewaombea miezi miwili."

"Sala haipotei," shangazi Ghislaine akasema. "Watakuwa walishangaa tu nani huyu anayewaombea."

Mzee akatabasamu kidogo. "Na mimi sasa nianzie wapi?"

Ariane akafungua shuka. Ilikuwa karatasi mpya, kalamu ile ile. Juu kabisa, mahali ambapo kwa kila ukoo huandikwa yule aliyeshuka melini, palikuwa na jina moja. Alcide. Chini yake: *Aliwasili Montréal tarehe 12 Februari 1931, kwa kapu. Akapokelewa na Ovila Vadnais na Léda Coutu.* Kisha Normand na mke wake. Kisha Yannick. Pembeni ya jina la Léda Ariane alikuwa amenakili ule msalaba, umepinda vile vile.

Normand aliugusa msalaba kwa kidole, akiufuata juu, chini, kushoto, kulia.

"Bibi yangu huyu," akasema, "alikuwa akinikatia mkate, mimi nikiwa mdogo. Kipande cha kwanza siku zote alikiweka kando. Nilimuuliza ni cha nani, akasema cha Alcide. Nikasema, baba yuko kazini, atakula akirudi. Akasema, najua." Akafunika macho. "Miaka yote hiyo nilidhani amechanganyikiwa."

Nje theluji ilikuwa ikianguka, nyeupe kama ile nusu ya gurudumu.

Yannick akageuka kwa Ariane.

"Wa kwako walivuka bahari kwa miezi miwili, wakitapika. Wa kwangu alifika kwa kapu, hakulipa hata nauli. Unaweza kuolewa na mtu wa hivyo?"

"Hivyo ndivyo unavyoposa? Mbele ya pai?"

"Pai ni shahidi. Jibu."

"Nitabaki Asselin."

"Mpaka kaburini, nimeshasoma sheria. Na atakayekuja katikati ya gurudumu aitwe Asselin vilevile. Lenu lina miaka mia tatu na hamsini."

"Hapana," akasema Ariane. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta. "Ataitwa Vadnais. Letu lilirithiwa tu. Lenu mtu alilitoa, siku tatu baada ya kumzika mwenye jina."

Yannick akapiga magoti mbele ya jiko. Ariane akapiga magoti pembeni yake, gauni la kijani juu ya vigae.

"Baba, tunaomba baraka."

Mzee Normand akaweka mkono mmoja kichwani kwa kila mmoja. Mikono ya kiwanda cha viatu, mizito. Akasema kama alivyosema kila mwaka, kama Alcide alivyomwambia yeye, kama Ovila alivyomwambia Alcide:

"Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Akasita. Mikono haikutoka.

"Na la Léda," akasema.

Shangazi Ghislaine, anayemsahihisha hata padri, akasema amina.